Hanshin 2023: acheni stori za kuku, lile kombe lililetwa na woki

Kila nikisema mi ni shabiki wa Hanshin Tigers, mtu yeyote anayejua kidogo kuhusu besiboli ya Japani ananirudishia stori moja tu, ile ya mzee wa KFC. Haya, ngoja niimalize mapema ili tuendelee na mambo ya maana. Oktoba 1985 Hanshin wamechukua ligi, mashabiki wamejaa kwenye daraja la Ebisubashi pale Osaka, wanaita jina la mchezaji mmoja mmoja na shabiki anayefanana naye anaruka kwenye mto Dotonbori, ikafika zamu ya Randy Bass ambaye ni Mmarekani mwenye ndevu zake, wakaangalia pembeni hakuna anayefanana naye, basi wakabeba sanamu la Colonel Sanders lililokuwa nje ya duka wakalitupa mtoni. Wiki chache mbele timu ikachukua na Japan Series (fainali ya bingwa wa Central League na bingwa wa Pacific League), halafu ikakaa miaka 38 bila kuigusa tena, watu wakasema ni laana ya lile sanamu. Sanamu lilikuja kuopolewa Machi 2009, halina mkono wa kushoto wala miwani, na 2024 KFC ya kule wakaliaga kwa maombi wakaliondoa kabisa. Imeisha. Ndo hiyo laana.

Sasa mi nauliza, laana ya nini wakati timu yenyewe ilikuwa mbovu? Kati ya 1987 na 2001 Hanshin walishika mkia mara 10. Mara kumi katika misimu 15, kwenye ligi yenye timu sita! Hapo hata ungelipa lile sanamu miwani ya dhahabu usingepata kitu. Halafu walipoanza kuwa wazuri wakawa wanafika Japan Series wanapigwa: 2003 na Daiei Hawks michezo 4 kwa 3, 2014 na SoftBank, na katikati hapo 2005 kuna ile ambayo ukitaka ugomvi na shabiki wa Hanshin mwandikie tu namba hizi, 33-4. Lotte waliwapiga 10-1, 10-0, 10-1, na 3-2. Jumlisha mwenyewe. Mpaka leo mtu yeyote mtandaoni kule akitaka kumnyamazisha mwenzake wa Hanshin anaandika 33-4 tu anakaa pembeni.

Kocha wa 2005 alikuwa Okada Akinobu. Na kocha wa 2023 ni nani? Okada Akinobu. Ndo maana huu msimu nauona mtamu kuliko msimu wowote wa mchezo wowote niliowahi kuufuatilia, na nimefuatilia mingi, ikiwemo ile ambayo Yanga wangu walinipa presha bure.

Kwa wasiojua, huyu mzee sio kocha wa kuja na ndege. Ni mtoto wa Osaka, alicheza kwenye ile timu ya 1985. Tarehe 17 Aprili mwaka ule, dhidi ya Giants wa Tokyo, Bass alipiga homurani (mpira unaopigwa mpaka nje ya uzio), Kakefu akafuata akapiga, Okada akafuata akapiga, watatu mfululizo na zote tatu zikaenda kule katikati mwa uwanja nyuma, na Wajapani wanaizungumzia ile siku kama vile ilikuwa juzi. Akaja kuwa kocha 2004 mpaka 2008. Ule mwaka wa mwisho waliongoza ligi kwa tofauti ya mechi 13, wote wameshaanza kupanga sherehe, Giants wakawakimbiza wakawapita. Okada akajiuzulu. Kwa hiyo anaporudi kwa ajili ya msimu wa 2023 akiwa na miaka 64, sura haina tabasamu, anaongea kama anatafuna kitu, unaelewa kwanini alikataza watu wasitamke "ubingwa". Walikuwa wanasema "are", yaani ile kitu. Tutachukua ile kitu. Klabu ikaigeuza ikawa kaulimbiu kabisa ya msimu, mwisho wa mwaka ikapewa tuzo ya neno la mwaka Japani nzima. Mzee mwenye kovu la 2008 hataki kuita mkosi, basi, ni hivo tu.

Lakini hayo ni mapambo. Kazi aliyofanya ni nyingine na haina mvuto hata kidogo, ndo maana wengi hawaisimulii.

Kwanza aligawa nafasi akafunga. Misimu ya nyuma wachezaji walikuwa wanahamishwahamishwa, leo unalinda besi (kituo cha kukimbilia) ya tatu kesho uko nje kabisa kule kwenye nyasi, Oyama na Sato hasa. Okada akasema Oyama besi ya kwanza, anapiga wa nne, haondoki. Sato besi ya tatu. Nakano, ambaye alikuwa mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, nenda besi ya pili. Nafasi aliyoiacha ikaja kuwa ya Kinami, apige wa nane. Watu tukalalamika sana hapo, maana mpigaji wa nane ni wa kujaza tu, kabla ya mrushaji ambaye kwenye Central League bado alikuwa anapiga mwenyewe. Kinami akawa yule wa nane ambaye timu zingine zinamuogopa. Aisee.

Pili, na hapa ndo kwenye roho ya makala hii, woki. Kama hujawahi kuangalia besiboli: mrushaji akitupa mipira minne nje ya eneo linalotakiwa na mpigaji asizungushe gongo (sio ile ya kunywa), mpigaji anatembea bure mpaka besi ya kwanza. Hakuna shangwe, hakuna kitu cha kuweka kwenye klipu ya sekunde 15, mtu anaweka gongo chini anatembea. Kwenye macho ya shabiki mgeni ni kama mchezaji amekataa kucheza. Okada alienda kwa viongozi wa klabu akawaambia, kwenye hesabu za kupanga mishahara ya mwakani, woki iongezewe pointi. Wakakubali, na yeye akawaambia wachezaji wazi kabisa: kusubiri mpira mbaya upite kuna hela ndani yake.

Basi jamaa wakaanza kusubiri. 2022 timu ilikuwa na woki 358. 2023 zikawa 494. Wachezaji wengi ni wale wale! Homurani walipiga 84 tu, timu ya tano kati ya sita, Giants walipiga 164, karibu mara mbili yake. Lakini nani aliongoza ligi kwa kufunga? Hanshin, 555. Oyama, ambaye ndo mpigaji wa nne, yule unayetegemea awe bingwa wa kupiga mbali, alimaliza na homurani 19 na woki 99. Tisini na tisa! Akaongoza ligi nzima kwa kufika besi, asilimia 40 na ushee.

Na inaingia akilini ukiujua uwanja wao. Koshien ni wa 1924, mkubwa, uko karibu na bahari, na upepo unaotoka baharini unausukuma mpira unaoelekea upande wa kulia kurudi ndani. Mpigaji wa mkono wa kushoto anapiga mpira anadhani umeenda, anaanza kutembea kwa maringo, mpira unadondokea kwenye glavu ya mlinzi. Sato ameumizwa na ule upepo mpaka basi, na bado alimaliza na 24. Sasa kwenye uwanja kama huo unataka kushindana na Giants kwa homurani ili iweje? Woki haijali upepo.

Upande wa kurusha ndo usiseme. Murakami Shoki alikuwa mtu wa timu ya akiba, hana hata ushindi mmoja kwenye timu kubwa. Aprili 12 anapewa mechi dhidi ya Giants pale Tokyo Dome, anarusha raundi saba hakuna mtu hata mmoja aliyefika besi, hata mmoja, mipira 84 tu. Timu inaongoza 1-0. Okada akamtoa. Mi siku ile niliandika maneno kwenye grupu letu la WhatsApp ambayo siwezi kuyarudia humu. Aliyeingia akapigwa homurani na Okamoto, ikawa 1-1, walikuja kushinda 2-1 kwenye raundi ya 10. Hadi leo nasema mzee alikosea pale, mtoto angeachwa amalize. Lakini Murakami mwenyewe hakununa, mechi iliyofuata dhidi ya Chunichi akamaliza zote tisa bila kuruhusu kitu, na akafikisha raundi 31 tangu msimu uanze hajafungwa. Mwisho wa mwaka akachukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi na ya mchezaji mpya bora, zote mbili mtu mmoja. Wastani wake wa pointi alizoruhusu kwa kila raundi tisa ulikuwa 1.75.

Mwingine ni Otake Kotaro. Huyu SoftBank walikuwa wamemuweka benchi tu, na Desemba 2022 ilifanyika kwa mara ya kwanza ile draft (zoezi la timu kuchagua wachezaji) ya wachezaji waliokwama kwenye timu zao, kila timu lazima iweke watu mezani na lazima ichukue mmoja. Hanshin wakamchukua yeye. Harushi kwa kasi, ukimuangalia unaweza kusema hata mimi naweza, mpira unakuja taratibu mpaka mpigaji anazungusha gongo mapema kwa hasira. Alishinda 12 akapoteza 2. Katika mambo yote ya msimu ule hili ndo linalonichekesha zaidi, SoftBank na hela zao zote.

Mei walikuwa moto, Juni wakayumba, wale wenye kumbukumbu za 2008 wakaanza kuhesabu tofauti ya mechi kila asubuhi. Halafu inakuja Agosti. Hapa niwaeleze kitu ambacho ligi nyingine hakipo: Agosti Hanshin wanafukuzwa kwenye uwanja wao. Koshien inakabidhiwa kwa wanafunzi wa sekondari kwa ajili ya mashindano yao ya kitaifa na Wajapani wote wanakaa kwenye TV kuangalia watoto, na timu ya kulipwa inazunguka mikoani na mabegi, wakati mwingine wanaazima uwanja wa ndani kule Osaka. Zamani ile safari iliitwa safari ya kifo kwa sababu kila mwaka walikuwa wanaenda wakiwa juu wanarudi wakiwa chini. 2023 wakashinda mechi 10 mfululizo mwezi huo huo.

Na kwa sisi wa huku, hilo jina Koshien sio geni kihivyo. Pale Azania Sekondari, Dar, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa 2018 kwa msaada wa Japani, wenyewe wanauita Koshien ya Dar es Salaam, na mashindano ya shule yanaitwa Tanzania Koshien. Mi mchezo niliufahamu kupitia watu waliopita kwenye mashindano hayo, wakawa wanatuma klipu, nikanogewa. Na kuna raha nyingine watu hawaijui: mechi za Japani zinaanza saa kumi na mbili jioni kwao, sawa na saa sita mchana kwetu. Hakuna kukesha kama wanaofuatilia Marekani. Unakula wali maharage wako simu imeegemezwa kwenye glasi, raundi ya kwanza inaanza. Rangi zenyewe njano na nyeusi, mtu wa Yanga nikatae vipi.

Septemba walishinda 11 mfululizo na ya 11 ndo ikawa yenyewe. Alhamisi ya tarehe 14, Koshien, mpinzani ni Giants. Ilivyopangwa utadhani mtu aliiandika.

Lakini kabla sijafika huko lazima nimtaje Yokota Shintaro. Alisajiliwa draft ya 2013, mlinzi wa nje, kijana wa miraba minne aliyetegemewa sana, 2017 akagundulika ana uvimbe kwenye ubongo. Alipona kiasi cha kurudi mazoezini ila macho hayakurudi, mpira aliuona mara mbili. Septemba 2019 kwenye mechi yake ya kuaga, ya timu ya akiba, wakamuingiza kule katikati nje, mpira ukapigwa kuja kwake, akaudaka na kuutupa mpaka nyumbani (besi ya mwisho, ya kufungia) moja kwa moja, mkimbiaji akatolewa. Mtu asiyeona vizuri. Ule mtupo uko mtandaoni, utafute. Alifariki Julai 18, 2023, ana miaka 28, katikati ya msimu huu huu ninaousimulia.

Sasa tarehe 14 raundi ya tisa anaingia Iwazaki kufunga mechi, aliyesajiliwa draft moja na Yokota. Kila mrushaji wa mwisho ana wimbo wake wa kuingilia. Iwazaki siku ile akaacha wa kwake akaomba upigwe aliokuwa anaingilia Yokota, na uwanja mzima ukauimba. Ikaisha 4-3. Oyama analia kama mtoto pale besi ya kwanza, na wakati Okada anarushwa juu na wachezaji jezi namba 24 ya Yokota ipo pale pale katikati ya watu, Iwazaki naye akarushwa nayo mkononi. Sina la kuongeza hapo.

Hiroshima walioshika nafasi ya pili walikuwa nyuma kwa mechi 11 na nusu. Kwenye mchujo wakakutana nao tena wakawafagia.

Japan Series ikawa dhidi ya Orix Buffaloes, mabingwa wa Pacific mara tatu mfululizo. Watu huwa wanafananisha Hanshin na Giants kuwa ni Simba na Yanga, mi sikubali, Osaka na Tokyo ni mbali bwana, ile ni chuki ya mikoa. Hii ya Orix ndo ilikuwa ya mtaani: viwanja vyote viwili viko kwenye reli moja, treni ya Hanshin inakushusha mlangoni kwa Orix. Timu mbili za Kansai (ukanda wa Osaka) hazikuwahi kukutana fainali tangu 1964, Hanshin na Nankai Hawks, na Hanshin walipoteza 4-3. Kwa hiyo presha unaielewa.

Mchezo wa kwanza Hanshin 8-0, tena walimpiga Yamamoto Yoshinobu, mrushaji bora wa nchi kwa wakati ule. Wa pili Orix 8-0. Hapo ushajua hakuna mnyonge. Wa tatu Orix 5-4. Wa nne ndo nausimulia kwa kila mtu hata asiyetaka kusikia.

Novemba mosi, Koshien, 3-3, raundi ya nane, Orix wana watu besi ya kwanza na ya tatu, wawili wameshatolewa, bado mmoja zamu yao iishe. Okada anamwita Yuasa. Yuasa! Aliyeanza mwaka kama mrushaji wa kumalizia mechi, akaumia, hajaonekana timu kubwa tangu Juni. Uwanja ulipiga kelele mpaka spika za simu yangu zikakwaruza. Akarusha mpira mmoja. Mmoja tu, mpigaji akaupaisha, ukadakwa, zamu ikaisha. Ndo kazi yake yote ya siku ile. Halafu raundi ya tisa mrushaji wa Orix anamtembeza Chikamoto kwa woki, anatupa mipira miwili hovyo Chikamoto anafika besi ya tatu, Orix wanaamua kuwapa woki za makusudi Nakano na Morishita ili wajaze besi wapambane na Oyama. Umeona sasa? Woki, woki, woki. Na Oyama hakukurupuka, akafika mipira mitatu mibaya na miwili mizuri, ndo akapiga. 4-3. Homurani hakuna. Kama kuna mtu anataka kuuelewa msimu wote wa 2023 kwa dakika tano aangalie ile raundi.

Wa tano walikuwa nyuma 2-0 mpaka raundi ya nane, Nakano na Morishita wote wawili walikuwa wamekosea kwenye mpira mmoja raundi ya saba, halafu Morishita huyo huyo, mtoto wa mwaka wa kwanza, akapiga mpira wa besi tatu uliogeuza mechi, 6-2. Wa sita Yamamoto akalipa kisasi, wapigaji 14 aliwatoa kwa kukosa mpira, mipira 138, 5-1, miezi miwili haijaisha akasaini na Dodgers dola milioni 325. Sawa tu, alistahili.

Wa saba nao, Novemba 5, uliharibu hesabu zangu kidogo maana ulianzishwa na homurani, Noisy Mmarekani aliyepiga ya watu watatu raundi ya nne. Ila aliyeanza kurusha siku ile ni Aoyagi, aliyekuwa na mwaka mbaya sana, Okada akamkumbuka siku ya mwisho. 7-1. Mpira wa mwisho ulipaishwa kushoto ukadakwa na Noisy huyo huyo. Chikamoto akawa mchezaji bora wa fainali, alipiga 14 kati ya mara 29. Na huyo Chikamoto, mwaka 2018 klabu ilimchukua baada ya kushindwa bahati nasibu ya draft mara mbili kwa vijana wengine waliowataka zaidi, mashabiki wengi wakaguna. Oyama naye 2016 alipotajwa watu waliguna.

Ndo maana stori za kuku zinanikera. Ile timu ilijengwa draft baada ya draft, na watu waliogunwa, halafu akaja mzee mmoja akawaambia simameni hapa, msihame, na mpira mbaya ukija muacheni upite. 2024 wakawa wa pili, Okada akaondoka, akaja Fujikawa Kyuji ambaye alikuwa mrushaji wake wa 2005, na 2025 akachukua ligi Septemba 7, mapema kuliko timu yoyote kwenye historia ya ligi zile mbili. Chikamoto, Nakano, Morishita, Sato, Oyama, wale wale, kwa mpangilio huo. Sato akapiga homurani 40 na ule upepo ukiwepo pale pale. Kwenye Japan Series SoftBank wakatupiga 4-1, na bado nina kinyongo nao, ila Otake tunaye sisi.